Nani Ameamua Tuone Nini? Siasa ya Chaguo-Msingi Katika Vipimo vya Programu

Kila chombo cha kupimia huja na maamuzi yaliyokwisha kufanywa na mtu mwingine. Mizani ya dukani huamua kwamba tutahesabu kwa kilo na gramu. Kipimajoto huamua sifuri ikae wapi. Ramani huamua barabara ipi ni kubwa kiasi cha kuchorwa na ipi iachwe. Mtumiaji hayaoni maamuzi hayo, kwa sababu yalifanywa kabla yake na mbali naye. Katika kompyuta, maamuzi ya aina hii huitwa machaguo-msingi, yaani yale yatakayotendeka iwapo mtumiaji hatasema neno lolote.

Makala haya yanahusu machaguo-msingi ya chombo ambacho wengi wetu hatujawahi kukigusa: programu zinazopima utendaji wa programu nyingine, ambazo hapa nitaziita vipima-utendaji. Swali lenyewe linasikika dogo. Chombo kikishamaliza kupima, kioneshe nini kwanza? Kipange matokeo kwa utaratibu gani? Kifiche nini? Namwomba msomaji asiye mtaalamu wa kompyuta asiondoke. Hoja yangu ni kwamba swali hili ni la utawala kama lilivyo la ufundi, na kwamba mtumishi wa umma anayeidhinisha malipo ya mfumo, mwanaharakati anayedai uwajibikaji na mwanafunzi anayeandika programu yake ya kwanza wote wana sababu ya kulijali.

Chombo chenyewe hufanya nini

Programu ya kompyuta imegawanyika katika vipande vya maelekezo vinavyoitwa fankisheni. Fankisheni moja huiita nyingine, hiyo nayo huiita ya tatu, kama vile agizo linavyoteremka kutoka kwa katibu mkuu hadi kwa mkurugenzi, kwa afisa, na hatimaye kwa karani wa masijala. Programu inapokwenda polepole, swali la kwanza ni: muda unapotelea wapi? Kukisia hakusaidii sana, kwani hata waliobobea hukisia vibaya. Ndiyo sababu vipima-utendaji vikabuniwa.

Vingi kati ya hivyo hufanya kazi kwa kuchukua sampuli. Mara nyingi katika kila sekunde, chombo huichungulia programu inayoendelea na kuandika: sasa hivi imo katika fankisheni gani, na fankisheni hiyo iliitwa na nani. Kipimo cha lugha ya Go, kwa mfano, huchungulia mara 100 kwa kila sekunde ya kazi ya kichakataji. Programu ikifanya kazi mfululizo kwa dakika moja, hupatikana takriban sampuli 6,000. Fankisheni iliyoonekana katika sampuli 600 kati ya hizo huhesabiwa kuwa imetumia takriban asilimia 10 ya muda wote.

Hadi hapo hesabu ni nyepesi. Ugumu huanza baadaye, kwa sababu sampuli elfu kadhaa, kila moja ikiwa na mnyororo wa majina ishirini au thelathini, haziwezi kusomwa na binadamu zikiwa ghafi. Ni lazima zifupishwe, na anayefupisha anachagua. Kuanzia hatua hiyo, aliyeunda chombo ameketi pembeni ya msomaji wa ripoti akimwongoza macho, hata kama hawatakutana maishani.

Katibu mkuu na karani

Mwaka 1982 Susan Graham, Peter Kessler na Marshall Kirk McKusick wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha maelezo ya chombo walichokiita gprof. Orodha iliyozoeleka kabla yake ilikuwa bapa: jina la fankisheni na muda ilioutumia yenyewe. Wao walitaka jambo zaidi, yaani muda wa fankisheni inayoitwa uhesabiwe pia kwa zile zilizoiita, ili msomaji ajue nani anafanya kazi na vilevile nani anaagiza kazi hiyo ifanywe.

Tangu hapo kila kipima-utendaji kimekuwa na namba mbili za kuonesha. Ya kwanza ni gharama binafsi ya fankisheni. Ya pili ni gharama ya jumla, yaani gharama binafsi pamoja na ya wote walio chini yake. Mtumishi yeyote wa wizara ataielewa tofauti hii mara moja. Ukiuliza matumizi kwa jumla, ofisi ya katibu mkuu itaonekana imetumia kila senti, kwa kuwa kila malipo yamo chini ya mamlaka yake. Ukiuliza matumizi binafsi, utamwona karani aliyemaliza marobota ya karatasi, lakini hutajua ni idara ipi iliyomwagiza achapishe. Namba zote mbili ni za kweli. Kila moja, ikiwa peke yake, inampeleka mkaguzi katika mlango tofauti.

Sasa tuone chaguo-msingi linavyofanya kazi hapa. Chombo kiitwacho perf kilianza kusambazwa pamoja na Linux mwaka 2009, na kwa miaka yake ya mwanzo ripoti yake ilipangwa kwa gharama binafsi. Mwaka 2014 chaguo-msingi likabadilishwa: vipimo vilivyohifadhi minyororo ya miito vikaanza kupangwa kwa gharama ya jumla. Watumiaji waliopokea toleo jipya wakaona kileleni mwa orodha majina kama main, ambalo aghalabu hukaribia asilimia 100 kwa sababu programu huanzia hapo. Si ajabu kumwona katibu mkuu juu ya orodha ya wizara, lakini pia si habari. Waliotaka mpangilio wa zamani walilazimika kuongeza amri maalumu au kuandika matakwa yao katika faili la mipangilio. Baadaye hata mwelekeo wa kusoma mnyororo ukafuata mpangilio huo: gharama ya jumla inapotumika, mnyororo husomwa kuanzia kwa mwitaji, isipotumika, husomwa kuanzia kwa aliyeitwa.

Sampuli ni zile zile, chombo ni kile kile, na hitimisho la msomaji mwenye haraka linaweza kuwa tofauti kabisa. Msimamo wangu ni kwamba perf ilifanya jambo moja la haki katika mabadiliko hayo: ilizionesha namba zote mbili bega kwa bega, kila moja katika safu yake. Anayetaka kujua anaweza kujua. Hata hivyo, safu inayotumika kupanga orodha ndiyo inayoamua nini kitaonekana katika ukurasa wa kwanza, na sote tunajua ni wasomaji wangapi hufika ukurasa wa pili.

Upo mfano mwingine wa mpangilio ambao ni mdogo lakini unafundisha. Kipimo kinachokuja na lugha ya Python, ambayo ndiyo lugha ya kwanza kwa wanafunzi wengi siku hizi, kwa miaka mingi kilichapisha matokeo yake yakiwa yamepangwa kwa jina. Mwanafunzi anauliza muda unapotelea wapi, chombo kinamjibu kwa orodha inayofuata majina ya mafaili, kama kitabu cha simu. Jibu limo ndani, lakini limezikwa. Asiyejua kwamba neno moja la ziada katika amri lingepanga orodha hiyo kwa muda atahitimisha kwamba chombo hakisaidii, na atarudi kukisia.

Haba na haba

Jambo la pili ni kile kinachofichwa. Ili ripoti isomeke, vyombo hukata vitu vidogo. Kipimo cha Go, kinapochora ripoti yake, huondoa fankisheni ambazo gharama yake ya jumla haifikii asilimia 0.5 ya yote. Perf nayo hukata matawi ya minyororo yaliyo chini ya asilimia 0.5. Massif, chombo cha mradi wa Valgrind kinachopima matumizi ya kumbukumbu, huweka kizingiti cha asilimia 1.

Kuna busara katika kukata. Hakuna anayetaka ripoti ya kurasa mia tatu. Lakini wahenga wetu walitwambia kwamba haba na haba hujaza kibaba, na hapa methali hiyo ni hesabu. Tuchukulie programu ina fankisheni 150 zisizohusiana, kila moja ikitumia asilimia 0.4 ya muda. Kila moja iko chini ya kizingiti cha asilimia 0.5. Kwa pamoja zinameza asilimia 60. Ripoti iliyokatwa kwa kizingiti hicho itamwonesha msomaji zile chache zinazogawana asilimia 40 iliyobaki, naye atatumia wiki nzima kuzinoa huku sehemu kubwa ya gharama ikiwa imelala kimya nje ya karatasi. Programu kubwa zinazozeeka huwa hivi mara nyingi: hazina mhalifu mmoja, zina uzembe mdogo mdogo ulioenea kila mahali.

Wanaofuatilia bajeti za umma hawahitaji maelezo zaidi. Ubadhirifu mkubwa una jina na hutangazwa. Posho ndogo ndogo, safari fupi fupi na manunuzi yaliyo chini ya kiwango cha kuhojiwa hazipati jina, na mwisho wa mwaka ndizo zilizokula fungu.

Je, vizingiti viondolewe? Hapana. Ninachotetea ni kwamba chombo kinachoficha kitangaze kimeficha. Na hapa ni haki kuwasifu waundaji wa baadhi ya vyombo hivi. Kipimo cha Go huandika juu ya ripoti idadi ya fankisheni zilizoachwa na kizingiti kilichotumika. Massif huandika kwamba kiasi fulani kimetoka mahali kadhaa, pote chini ya kizingiti, na hutaja kizingiti chenyewe. Ni mstari mmoja tu wa maandishi, lakini ndio unaotenganisha muhtasari na upotoshaji. Msomaji anayeambiwa kuwa kuna kilichoachwa anaweza kukiomba.

Gprof nayo ina adabu inayofaa kuigwa. Pasipo kuelekezwa vinginevyo, huchapisha baada ya majedwali yake maelezo marefu ya maana ya kila safu. Waliozoea huona maelezo hayo ni kero, nao wanaweza kuyazima kwa herufi moja. Mzigo wa kuandika herufi hiyo umewekwa juu ya anayejua. Asiyejua amepewa maelezo bila kuyaomba, kwa sababu asiyejua hawezi kuomba asichojua kuwa kipo.

Macho hudanganyika

Namba zikigeuzwa picha, machaguo-msingi huzidi kuwa na nguvu. Mwaka 2011 Brendan Gregg, alipokuwa akichunguza tatizo la utendaji katika hifadhidata ya MySQL, alibuni mchoro unaofahamika leo kama mchoro wa miali ya moto. Kila fankisheni huwa kisanduku. Upana wake ni sehemu ya sampuli ambamo imeonekana. Visanduku hupandana kufuata nani amemwita nani. Ni uvumbuzi mzuri, na umeenea katika vyombo vingi kwa haki.

Lakini mtazame anayeuona kwa mara ya kwanza. Ataamini kwamba kutoka kushoto kwenda kulia ni mwendo wa wakati, kwa sababu grafu nyingi alizofundishwa shuleni zilikuwa hivyo. Sivyo: visanduku hupangwa kwa alfabeti ili vinavyofanana viungane. Ataamini pia kwamba chekundu sana ni hatari na cha njano ni salama. Sivyo pia: katika mchoro wa asili rangi huchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kundi la rangi za moto, ili tu visanduku jirani vitofautiane. Gregg mwenyewe amelieleza hili waziwazi katika maandishi yake. Tatizo ni kwamba mchoro husafiri bila maandishi yake. Huwekwa katika wasilisho, huoneshwa katika kikao, na mjumbe mmoja hunyoosha kidole kwenye kisanduku chekundu akiuliza kwa nini hakijashughulikiwa.

Massif hutoa mfano wa mwisho katika eneo hili. Kama hujaielekeza, mhimili wake wa wakati hauhesabu sekunde bali idadi ya maelekezo yaliyotekelezwa na kichakataji. Kwa programu inayodumu kwa muda mrefu, kipimo hicho kinafaa. Kwa programu fupi, kama ile ya zoezi la darasani, maelekezo mengi hutumika kuipakia tu programu kabla haijaanza kazi yake, hivyo grafu huonekana tupu karibu yote, ikiwa na nguzo chache zilizosongamana mwishoni. Kitabu cha maelekezo cha chombo hicho kinalieleza hilo na kushauri kipimo kingine kwa programu fupi. Hebu fikiri: chaguo-msingi linalomfaa mzoefu wa programu kubwa ndilo linalomchanganya mwanafunzi katika siku yake ya kwanza.

Kusubiri kusikoonekana

Nimeacha kwa makusudi lile ninaloliona zito zaidi. Vipimo vingi, pasipo kuelekezwa, huhesabu muda ambao kichakataji kinafanya kazi. Muda ambao programu imekaa ikisubiri, iwe inasubiri diski, mtandao, hifadhidata au zamu yake nyuma ya programu nyingine, hauonekani katika kipimo hicho. Programu inaweza kumkalisha mwananchi sekunde arobaini mbele ya kaunta, ikafanya kazi sekunde moja tu na kusubiri thelathini na tisa. Ripoti itachambua ile sekunde moja kwa ustadi mkubwa, kwa asilimia na rangi, na kuzinyamazia thelathini na tisa.

Kila mmoja wetu ameisikia sentensi isemayo kwamba leo mtandao unasumbua. Imekuwa jibu la ofisi kwa jambo lolote linalochelewa. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine mtandao uko salama na tatizo ni hifadhidata inayopekua jedwali zima kutafuta mstari mmoja, kwa sababu hakuna aliyeiwekea faharasa. Kujua tofauti kunahitaji kupima kusubiri, na kupima kusubiri kunahitaji mtu aliyejua kwamba chombo chake, kwa chaguo-msingi, hakikupimi.

Hapa ndipo suala linapogusa mfuko wa umma. Mfumo wa ofisi unapokwenda polepole, pendekezo jepesi ni kununua kompyuta zenye nguvu zaidi. Huambatanishwa ripoti yenye michoro. Kamati ya tathmini haina muda wala mafunzo ya kuuliza kama muda wa kusubiri ulihesabiwa, kama kuna kizingiti kilichokata, au kama orodha imepangwa kwa gharama binafsi au ya jumla. Fedha hutoka, mashine mpya huwasili, na programu ile ile huendelea kusubiri kitu kile kile, safari hii juu ya mashine ya bei kubwa. Hakuna aliyesema uongo katika mlolongo huo. Kila namba katika ripoti ilikuwa sahihi.

Ukimya wa mtumiaji ni amana

Wapo watakaosema: mipangilio inaweza kubadilishwa, kwa hiyo chaguo-msingi lina madhara gani? Pingamizi hili lina jibu lenye ushahidi. Mwaka 2003 Eric Johnson na Daniel Goldstein walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa nchi za Ulaya kuhusu uchangiaji wa viungo vya mwili baada ya kifo. Ujerumani, ambako raia alitakiwa aseme ndiyo, waliohesabiwa kuwa wameridhia walikuwa takriban asilimia 12. Austria, nchi jirani inayozungumza lugha ile ile, ambako raia alihesabiwa ameridhia hadi aseme hapana, walizidi asilimia 99. Kuridhia kwenye karatasi si sawa na viungo kupatikana hospitalini, lakini tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa utu wa watu wa nchi moja kuizidi nyingine. Imeelezwa na fomu.

Makampuni yanalijua hili kuliko sisi. Katika kesi iliyomfikia Jaji Amit Mehta nchini Marekani, ilibainika kwamba Google ililipa zaidi ya dola bilioni 26 mwaka 2021 ili iwe chaguo-msingi la utafutaji katika simu na vivinjari. Mwaka 2024 jaji huyo aliamua kwamba kampuni hiyo ilikuwa imehodhi soko kinyume cha sheria. Kubadilisha mpangilio huo kwenye simu huchukua dakika moja. Hakuna kampuni inayolipa mabilioni ya dola kuzuia jambo la dakika moja, isipokuwa inajua kwamba watu wengi hawatalifanya kamwe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami naliheshimu. Wataalamu husema kwamba chaguo-msingi likishawekwa lisiguswe, kwa kuwa kulibadilisha huvuruga mazoea ya maelfu ya watu na kuvunja kazi zilizojengwa juu yake. Ni kweli. Walioshtushwa na perf mwaka 2014 walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini hoja hiyo ikichukuliwa hadi mwisho wake, inampa aliyefika kwanza haki ya kuwaamulia wote watakaofuata, wakati waliozoea chombo ndio wenye uwezo zaidi wa kujihudumia. Mzoefu anajua faili la mipangilio liko wapi. Mgeni hajui hata kwamba faili hilo lipo. Kati ya hao wawili, anayestahili kubebewa mzigo ni mgeni.

Pingamizi la tatu ni kwamba hakuna chaguo-msingi lisiloegemea upande, hivyo mjadala hauna mwisho. Nusu ya kwanza naikubali. Mwaka 2010 Todd Mytkowicz na wenzake walivichunguza vipimo vinne vilivyotumika sana katika lugha ya Java na kukuta kwamba mara nyingi havikukubaliana ni sehemu gani ya programu inayokula muda zaidi; chanzo kimoja kilikuwa kwamba vipimo hivyo vilichukua sampuli katika vituo maalumu vya programu badala ya popote. Kila chombo kina upande wake. Lakini kwa kuwa hakuna mwamuzi asiye na upande, haifuati kwamba waamuzi wote ni sawa. Inafuata kwamba kila mwamuzi aseme anasimama wapi.

Tufanye nini

Kwa wanaounda vyombo, wakiwemo vijana wetu wanaochangia programu huria, napendekeza kanuni nne. Kwanza, chaguo-msingi lijibu swali ambalo mgeni amekuja nalo. Akiuliza muda unapotelea wapi, orodha ipangwe kwa muda. Pili, kila kilichofichwa kitangazwe, kwa idadi na kwa kizingiti. Tatu, pale ambapo namba mbili zina maana tofauti, zioneshwe zote, na safu iliyotumika kupanga itajwe. Nne, ripoti ibebe mipangilio yake: mchoro ukitolewa katika chombo na kupelekwa kikaoni, uende na maelezo ya kilichopimwa, kisichopimwa, na maana ya rangi.

Kwa watumishi wa umma, ombi langu ni fupi zaidi. Ripoti ya utendaji ikiletwa kuhalalisha matumizi, ulizeni maswali matatu kabla ya kusaini. Muda wa kusubiri umehesabiwa? Kuna nini chini ya kizingiti, na jumla yake ni kiasi gani? Je, chombo kilitumika kama kilivyotoka kwa mtengenezaji, au kuna kilichobadilishwa, na kwa nini? Hakuna kati ya maswali haya linalohitaji shahada ya kompyuta. Mzabuni aliyepima kwa uaminifu atayajibu kwa dakika tano. Asiyeweza kuyajibu amewaonesha jambo muhimu kuliko mchoro wake.

Kwa wanaharakati, nawaomba mpanue orodha ya nyaraka mnazodai. Tumezoea kudai takwimu. Tudai pia namna takwimu ilivyopangwa na kilichoachwa nje. Dashibodi za miradi, ripoti za huduma na majedwali ya utekelezaji yote yana vizingiti na mpangilio wake, na aliyeviweka mara nyingi si yule aliyetia saini.

Na kwa wanafunzi wangu, na wa walimu wenzangu: mnapofungua chombo kipya, msianze na matokeo. Anzeni na ukurasa wa mipangilio. Usomeni kama mnavyosoma katiba ya chama kabla ya kujiunga, mkijiuliza kila mstari umempa nani nafasi ya mbele na umemweka nani nyuma. Kisha pimeni mara mbili, kwa mipangilio miwili tofauti, na andikeni kilichobadilika. Ndani ya wiki moja ya zoezi hilo mtajifunza kuhusu vipimo kuliko muhula mzima wa mihadhara.

Anayenyamaza mbele ya chombo hajakubaliana nacho. Pengine hakujua kwamba ameulizwa. Kwa hiyo aliyeunda chombo amekabidhiwa sauti ya watu wengi ambao hatawaona. Hiyo ni amana, na katika jamii yoyote inayojiheshimu, mwenye amana hutoa hesabu.